Viti vya Baraza la Wawakilishi na Bunge: majimbo kama tulivyo, orodha ya chama au mchanganyiko? Kipi kinatufaa visiwani

Kahawa_Chungu (Chake Chake)
Assalam alaykum wakubwa kwa wadogo. Jana jioni barazani kwetu kulizuka mabishano mpaka kahawa ikapoa. Ami yangu anasema Pemba tumepunguziwa majimbo, 1995 tulikuwa na 21 sasa tuna 18, turudishiwe matatu yetu na mambo yatakaa sawa. Kijana mmoja kaja likizo kutoka Dar akamrukia, ati Wazanzibari wote mnapendelewa, sensa ya 2022 hamkufika hata milioni mbili lakini mna wabunge 50 wa majimbo kule Dodoma. Basi hapo ndo kila mtu akasimama. Tumewekeana dau, atakaeshindwa ananunua kahawa na kashata wiki nzima, na mimi ndo nimetumwa kuuliza. Kwa hivyo nyie mnaojua hesabu: tubaki na hichi cha jimbo moja mtu mmoja, anaeongoza hata kwa kura moja kapita, au tuwe kama Afrika Kusini unapigia chama tu na viti vinagaiwa kwa asilimia, au tuchanganye? Na ami yangu ana haki au hana? Msinifiche.

Bi_Takwimu
Waalaykum salaam. Haya ngoja tuanze na vichwa vya watu maana bila hivyo tutabishana mpaka asubuhi. Sensa ya 2022 Zanzibar yote watu 1,889,773, Unguja 1,346,332 na Pemba 543,441. Bara 59,851,347. Majimbo ya Bunge sasa 272, Bara 222 na Zanzibar 50. Gawa mwenyewe: mbunge wa Bara kwa wastani anabeba watu laki mbili na elfu 69 na ushei, wa kwetu anabeba elfu 37 na ushei. Yaani mmoja wa kule ni kama saba wa huku. Sisi ni asilimia 3 ya watu na tuna asilimia 18 ya majimbo. Huyo kijana wa Dar hesabu yake haina makosa jamani tusijidanganye.

Sasa njoo kwa ami. Pemba majimbo 18, kila moja watu elfu 30. Unguja 32, kila moja elfu 42. Ukigawa 50 kwa vichwa tupu Pemba wanapata 14, hata 15 hayatimii.

Kahawa_Chungu (Chake Chake)
14?? Bi Takwimu mimi hii siwezi kwenda kuisema barazani, watanitia baharini.

Ngalawa_Mbovu (Nungwi)
Hahaha kasome salatul haja kwanza. Lakini ndo ukweli, sisi Unguja tunabanana, ukienda Mjini Magharibi kule watu karibu laki tisa, nyumba juu ya nyumba, halafu mnataka kuturejesha kwenye majimbo 29.

Mtoto_wa_Kojani
Ngalawa wacha kejeli. Suali langu dogo tu. Dodoma tukiambiwa mko wachache tunasema hapana, sisi ni nchi iliyoungana na nchi, haihesabiwi kwa vichwa. Sawa. Sasa Pemba tukisema sisi ni kisiwa, tuna bahari katikati, tusihesabiwe kwa vichwa, mnatwambia hesabu ni hesabu. Kipimo gani hichi kinabadilika kikivuka mkondo wa Nungwi?

Bi_Takwimu
Hilo suali zuri na sina jibu jepesi. Ila nimejaribu kitu. Kenya katiba yao inaruhusu jimbo litofautiane na wastani wa nchi kwa asilimia 30 juu au chini, na 40 kwa miji na sehemu zenye watu wachache. Tuazime kipimo chao. Wastani wa Zanzibar ni 37,795. Pemba kwa majimbo 18 iko chini ya wastani kwa asilimia 20, yaani kashapendelewa lakini imo ndani ya mstari. Ukimrudishia ami 21 zake kila jimbo linakuwa na watu 25,878, chini kwa asilimia 31 na nusu. Inatoka nje ya mstari kwa upenyo mdogo kama wa mlango wa banda la kuku. Kwa hivyo ami hayuko mbali sana na haki lakini hajaifika. Angedai 20 ningemtetea.

Sheria_Tunguu
Nami nichangie kidogo, nasoma sheria, mwaka wa tatu. Kwanza tusichanganye mambo mawili, kuna kugawa viti baina ya sehemu na sehemu, na kuna kugeuza kura kuwa viti. Ami na kijana wa Dar wanabishana la kwanza, Kahawa kauliza la pili.

La kwanza, viti 50 vya Zanzibar Dodoma havikuwekwa vitusaidie kushinda kura za kila siku, 50 kwa 222 utashinda nini? Kazi yake inaonekana ibara ya 98 ya Katiba ya Muungano. Kuna orodha ya mambo ambayo kuyabadilisha kunataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara NA theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, mbali mbali. Mamlaka ya Serikali ya Zanzibar yamo humo, Mahkama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano, na hata idadi yenyewe ya wabunge kutoka Zanzibar imo. Sasa hapo hata tungekuwa na wabunge 20 hilo kufuli la theluthi mbili ni lile lile kwa sababu linahesabu theluthi mbili ya wetu wenyewe. Kinacholinda ni kufuli, wingi wa viti ni ziada tu.

Na hatuko peke yetu. Bunge la Ulaya Malta wana viti 6 na Ujerumani 96, ukigawa kwa watu mbunge mmoja wa Ujerumani anabeba watu karibu mara tisa ya wa Malta. Marekani ndo usiseme, Wyoming hawafiki laki sita na California karibu milioni arobaini, kila mmoja maseneta wawili.

Dada_Kiembesamaki
Mie naona mnazunguka tu, mtu wa kawaida anataka kujua kura yangu inakwenda wapi. Siku ya uchaguzi huku tunapewa karatasi tano, Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi, diwani. Tano! Na chama changu katika jimbo letu hakijawahi kupita, kwa hivyo kila baada ya miaka mitano najipanga foleni tangu alfajiri kutia kura mbili ambazo najua zinakwenda kufa. Kwa orodha ya chama angalau ile yangu ingehesabika. Afrika Kusini viti 400, hakuna hata kiwango cha chini cha kura ili chama kipate kiti, 2024 chama cha ANC walipata asilimia 40 na kidogo wakapewa viti 159. Hesabu inaendana. Kwanini tusifanye hivyo?

Ngalawa_Mbovu (Nungwi)
Dada orodha nzuri lakini anaepanga orodha ni nani? Viongozi wa chama. Sisi huku kisima kikikauka tunamjua mwakilishi wetu, tunakwenda mpaka mlangoni kwake, asipotoka tunamsubiri msikitini ijumaa lazima atakuja tu. Na tukimchoka miaka mitano mwisho. Sasa mtu aliyekuwa namba 14 kwenye karatasi ya chama utamsubiri msikiti gani?

Dada_Kiembesamaki
Wa kwetu tangu achaguliwe hatujamuona msikitini wala harusini. Kwa hivyo mimi sina kisima na kura pia sina.

Mzee_Malindi
Wanangu nimesoma yote. Nyie mnaongea kama haya mambo mapya, wakati visiwa hivi vimeshaunguzwa na hesabu hizi hizi.

Januari 1961 viti vilikuwa 22. Vyama vya enzi hizo, ASP wakapata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Chake Chake hapo kwa Kahawa Chungu, ASP walishinda kwa kura moja. Moja! Mtu mmoja angechelewa shamba matokeo mengine. Kisha ZPPP wakagawika, wawili kwa ZNP mmoja kwa ASP, ikawa 11 kwa 11, serikali haiundiki. Ikabidi warudie Juni, viti vikaongezwa vikawa 23 ili visigawike sawa, na siku ile watu wakauana. Marehemu baba yangu alikuwa hataki kuisimulia.

Kisha Julai 1963, viti 31. ASP wakapata zaidi ya asilimia 54 ya kura. Nusu na zaidi. Viti je? 13. ZNP 12 na ZPPP 6, wakaungana 18 wakaunda serikali na ndo waliopokea uhuru Disemba. Namna gani? ASP walikuwa wanashinda baadhi ya majimbo ya Unguja kwa kura rundo, na kura za ziada ukishapita hazina kazi, sawa na kutia maji kwenye mtungi uliojaa. Wenzao walikuwa wanapita kwa kura za kutosha tu. Kwa orodha ya chama ASP wangepata 17 kati ya 31. Siwambii kwamba Mapinduzi ya Januari 1964 yote ni kwa sababu ya mipaka ya majimbo, yana mizizi mingi. Lakini anaesema mfumo wa viti ni jambo la wasomi tu, mwambieni aje Malindi nimpe chai.

Mtoto_wa_Kojani
Mzee shikamoo. Lakini 1995 mfumo ni huo huo na haukuonea mtu kwa viti vya Baraza, wapinzani CUF walichukua Pemba yote 21 na Unguja 3, jumla 24, CCM 26. Na kura za urais zilikuwa 50.2 kwa 49.8. Viti na kura vilikaribiana.

Sheria_Tunguu
Mtoto wa Kojani umegusa penyewe. 1995 ilitoka sawa kwa bahati ya jiografia, kila upande ulikuwa na kisiwa chake cha kupoteza kura. Mfumo haukufanya haki, visiwa ndo vilivyosawazishana. Mfano mbaya wa mfumo huo ukiachiwa peke yake ni Lesotho 1998: chama kimoja kilipata kama asilimia 60 ya kura na viti 79 kati ya 80. Upinzani ukabaki na kiti kimoja. Mji mkuu ukaungua, majeshi ya nchi jirani yakaingia. Baada ya hapo wakabadilisha, tangu 2002 viti 120, 80 vya majimbo na 40 vya kufidia, yaani chama kikipata kura nyingi na majimbo machache kinajaziwa kutoka kwenye zile 40. Mimi nipo hapo. Mwakilishi wa kumsubiri msikitini unabaki nae na kura ya Dada haifi.

Baharia_Mstaafu
Nimefika Port Louis mara nyingi enzi za meli. Mauritius nao ni visiwa, majimbo 20 kila jimbo watu watatu, na Rodrigues kile kisiwa kidogo mbali huko kinapewa wawili wake. Halafu wanaongeza mpaka wanane kutoka kwa walioshindwa, wanaangalia jamii gani imekosa watu. Hilo la mwisho wenyewe wanagombana nalo sana kwa sababu mgombea anatakiwa ajitaje ni wa jamii gani. Kwetu tusilisogelee kabisa.

Bi_Takwimu
Kabisa baharia. Na watu wanasahau kwamba uwiano tayari tunao. Viti maalum vya wanawake vya Bunge vinagaiwa kwa asilimia ya kura za ubunge, chama kifikishe asilimia 5. Kwa hivyo kura ya Dada ya ubunge haifi yote, inahesabiwa huko. Tatizo orodha inatoka chamani na wale akina mama hawana jimbo, wanaitwa majina mabaya tu. Kwa hivyo mtu asije na hoja kwamba uwiano ni kitu cha kigeni, mashine ipo, tunaitumia kwa wanawake tu.

Ila nami nimtie Sheria mchanga kidogo. Chukua 2010, urais wa Zanzibar CCM 50.1 kwa CUF 49.1, jifanye ndo kura za Baraza na ugawe viti 50 kwa orodha. Unapata 25 kwa 25. Ile 11 kwa 11 ya Mzee Malindi imerudi na koti jipya. Kwa majimbo ilitoka 28 kwa 22.

Sheria_Tunguu
Ndo maana weka idadi witiri, 75, hamsini majimbo na 25 za kufidia.

Ngalawa_Mbovu (Nungwi)
Watu 75, kisha ongeza akina mama, ongeza wa kuteuliwa, mishahara nani analipa, karafuu?

Dada_Kiembesamaki
Fanyeni hizo 25 ziwe ndo za akina mama. Mmemaliza, hakuna mshahara mpya.

Bi_Takwimu
Dada!! Hii sikuifikiria. Sasa hivi viti vya akina mama Barazani ni asilimia 40 ya majimbo, yaani 20, ongeza vitano tu na uvigawe kwa kufidia. Ngoja nikae na karatasi.

Kahawa_Chungu (Chake Chake)
Nimerudi kutoka barazani. Nimewasomea yote kwenye simu mpaka chaji ikaniishia kwenye 1963. Ami kakubali 20 badala ya 21 lakini anasema hajashindwa, kapunguza bei tu. Kijana wa Dar nae anasema hajashindwa kwa sababu ile hesabu ya mmoja kwa saba ni yake. Lile kufuli la theluthi mbili lilimnyamazisha dakika mbili nzima. Sasa wote wawili wanasema alokaa kimya jana ndo kashindwa, kwa hivyo kashata za leo nimenunua mimi. Bi Takwimu ukimaliza hiyo karatasi yako tia hapa, ami kaulizia.