Yule muuza kamera wa ghorofa ya kwanza amenipigia picha zulia!

Ndugu wanajukwaa, nimetoka Kariakoo sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule muuza kamera mnamjua, yule anayevaa lenzi shingoni kama hirizi. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba nimepata kazi ya kupiga picha mashimo yote 18 ya uwanja wa gofu, nikamwomba kamera yenye kihisi kikubwa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), cha milimita 36 kwa 24, kwa kuwa asubuhi mawingu huwaka meupe ilhali chini ya miti bado ni giza, nami nataka vyote viwili vionekane. Akanyamaza. Kisha akaitwaa simu yangu mkononi mwangu, akainama, akalipiga picha zulia la nyasi za plastiki lililopo mlangoni kwake, akanirudishia na kusema: "Gofu yako hiyo hapo, mzee."

Zulia! La kufutia viatu! Duka zima lilicheka, na nina hakika kicheko kilifika hadi Msimbazi.

Halafu akanisukumia lenzi ya milimita 600, eti gofu ni mchezo na michezo hupigwa kwa lenzi ndefu. Mimi sipigi mpira, napiga mabonde na miinuko ya ardhi, ambayo hujitokeza tu jua likiwa chini na vivuli vikiwa virefu. Na huku kwetu karibu na ikweta jua halingoji mtu, ndani ya saa moja limeshapanda nyuzi kama 14. Lakini utamweleza nini mtu aliyeuona uwanja mzima kwenye zulia? Tena kwa simu yangu!

Kibakuli: Mkuu, tuwekee hiyo picha. Huenda ndiyo bora uliyo nayo.

Kedi Mstaafu: Afadhali wewe uliyepewa zulia. Mimi aliniapia kwamba kamera yake haina sauti, nikabonyeza mchezaji akiwa anajiandaa kuusukuma mpira shimoni, ikalia "klaa!", akakosa, nami nikasindikizwa hadi getini.

Mama Lenzi: Kamera yenye kioo ndani lazima ilie, Mzee Kedi. Ungechukua isiyo na kioo, ukawasha shata ya kielektroniki, ile inayopiga picha bila kipande chochote kusogea, hata kunguru asingeshtuka.

Tai wa Mbagala: Mnagombania nyasi bure, kwani uwanja wa gofu hupigwa kutoka juu. Droni yangu ipo kabatini inasubiri kibali, na kila dirisha ninalofika linanielekeza dirisha jingine. Hayo ndiyo malalamiko.

Kibakuli: Unaiuza?

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa tunazungumzia zulia.

Kedi Mstaafu: Tai, ina betri ngapi?