Taa za RGB zikiua RAM au mazabodi, alaumiwe nani?

MLETA MADA
Wadau, kila mtu akilalamika kwamba kompyuta yake ya gemu imegoma kuwaka baada ya kuweka programu ya kupanga rangi za taa, jibu ni lilelile: "Umetumia programu huria, ungebaki na ya kampuni." Napinga jibu hilo.

Tazameni taa zimefungwa wapi. Kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) yenye taa, chipu inayoendesha rangi mara nyingi iko kwenye waya wa SMBus, ambao chipu ndogo za kompyuta huwasiliana kwao, waya uleule wenye chipu ya SPD kwenye anwani 0x50 hadi 0x57. SPD ndiyo inayoiambia BIOS, programu inayoamsha kompyuta, ukubwa na kasi ya RAM. Baiti moja ikiandikwa mahali pasipo pake, unaweza kuwasha mashine ukapata skrini nyeusi, na RAM yenyewe ni nzima. Programu mbili zikiugombania waya huo bila kupeana zamu, moja inaandika anwani, nyingine inaingiza data yake juu yake. Hapo haijalishi nani ameandika programu.

Tena si jambo jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na programu ya Linux ya kusoma joto, lm_sensors. Ilipokuwa inapita kwenye waya kuuliza nani yupo, chipu ya 24RF08 kwenye baadhi ya ThinkPad za IBM ilidhani inaandikiwa, ikaharibu kumbukumbu yake. Laptopu haikuwaka tena mpaka irudishwe kwa IBM. Kuuliza tu!

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, hapo unawasafisha mno watu wa programu huria. Waandishi wa OpenRGB, programu huria ya taa, wenyewe walikiri kwamba sehemu yao ya Mystic Light (mfumo wa taa wa kampuni ya MSI) iliripotiwa kuua taa za baadhi ya mazabodi (bodi kuu za kompyuta) za MSI, wakaifunga. Yaani wameifunga watu wameshaumia. Mwenye chipu anaijua chipu yake, anayekisia anajaribia kwenye mali ya mwenzake. Mimi ni fundi, bodi nyingi ninazoletewa zimenunuliwa Dubai. Mteja akiniambia imekufa baada ya kuchezea taa, waranti ataidai wapi? Hasara ni yake.

MLETA MADA
Fundi, la MSI ni kweli, na nawapa heshima kwa kuliandika hadharani. Lakini walikisia kwa sababu gani? Kampuni haikutoa maelezo ya chipu. Mtu wa Linux kampuni haikumwandikia programu yoyote, na bado amelipia taa hizo.

Na hizo programu za kampuni unazozitetea? Mwaka 2018 watafiti wa usalama walionyesha kuwa draiva za ASUS Aura Sync, programu ya taa ya kampuni ya ASUS, toleo la 1.07.22 na ya kabla yake, zilimruhusu mtumiaji wa kawaida kufika kwenye kiini cha Windows. Kwa ajili ya rangi! Njia salama ipo: Windows 11 tangu 2023 ina Dynamic Lighting, inayozungumza na taa kwa kanuni iliyo wazi ya HID LampArray, bila kugusa SMBus. Kibodi na mausi zimeanza kuitumia. Watengenezaji wa RAM na mazabodi waihamishe taa kwenye njia kama hiyo, au watoe maelezo ya chipu zao. Wasipofanya lolote kati ya hayo, bodi ikifa walipe wao.

MCHANGIAJI WA PILI
Mbona hamjagusa kufuli? Bodi nyingi kwenye BIOS zina kipengele cha "SPD Write Disable". Kikiwashwa, hakuna programu ya kuiandikia SPD. Ila kuna programu za taa za makampuni yenyewe zinazomtaka mteja akizime ndipo RAM yake ibadilike rangi. Fundi, nijibu wewe: mteja aliyefungua kufuli kwa kufuata maelekezo ya kampuni, SPD ikaharibika, bado utasema hasara ni yake?