Doa jeusi chini ya plasta ya branula, mtoto wa leukemia

sista_malindi
Hamjambo wenzangu. Mtoto wa leukemia (saratani ya damu) karudi kutoka Mombasa baada ya kemo, yaani dawa za saratani, neutrofili (chembe nyeupe za kinga) chini ya 500, ana branula (mrija wa mshipani) na kibao cha kushikilia mkono. Ukibandua plasta unakuta doa jekundu, katikati jeusi. Wenzangu wa wadi wanasema plasta imechubua, apakwe klotrimazo, ile krimu ya fangasi. Ni sawa?

maabara_pwani
Sista, usipake kitu. Kwa mtoto huyo lihesabu kuwa Aspergillus au Rhizopus mpaka maabara ikanushe. Fangasi hawa huingia ndani ya mishipa ya damu na kuiziba, nyama ikafa. Weusi ndio huo. Ng'oa branula, zungushia ukingo wa doa kwa kalamu na uandike saa. Mchubuko hautavuka mstari.

Swabu (kupangusa kwa pamba) haitoshi. Pleteleti (chembe za kugandisha damu) zikiangaliwa, daktari akate kipande cha ukingoni, kirefu hadi mafuta ya chini ya ngozi. Nusu kwenye fomalini, nusu kwenye salini (maji ya chumvi) safi. Wengi hutia chote fomalini, nayo huua fangasi, basi hakuna kitakachoota maabara. Na mwambieni wa maabara akikatekate, asikisage: nyuzi za Rhizopus hazina kuta za ndani, zikisagwa zinakufa.

dkt_watoto
Naongezea. Flukonazo, dawa ya fangasi iliyozoeleka, haiwagusi hawa. Vorikonazo, ya jamii hiyo hiyo, inamweza Aspergillus, Rhizopus haimtishi. Kwa hiyo anzeni amfoterisini B bila kungoja jibu: ya liposomu (iliyobebwa ndani ya vitone vya mafuta) 5 mg kwa kilo kwa siku, au ya kawaida 1 mg kwa kilo kwa siku. Changanyeni na dekstrosi 5% tu. Kwenye salini inaganda. Ya kawaida itanguliwe na salini 10–15 ml kwa kilo kulinda figo, kwa mshipa tofauti au usafishwe kwa dekstrosi kwanza. Pimeni potasiamu kila siku. Daktari wa upasuaji aitwe leo leo.

sista_malindi
Shukrani. Na kibao je? Na shuka msimu huu wa masika?

maabara_pwani
Kibao cha mbao kitupwe, tumieni cha plastiki kinachofutika, na plasta isikae imelowa. Shuka si jambo dogo: New Orleans, 2008 hadi 2009, watoto 5 wa hospitali moja walikufa kwa fangasi waliofuatiliwa hadi kwenye shuka. Maji yawe 71°C kwa dakika 25, kisha pasi. Lakini nyingi huchafuka baada ya kufuliwa: mkokoteni mmoja kwa safi na chafu, au shuka zinakunjwa bado zina unyevu zikafungwa kwenye nailoni. Zisizokauka kabisa zirudi pasi, haziendi kwa mtoto huyu.

sista_malindi
Kile kikata-ngozi cha duara hatuna.

dkt_watoto
Wembe wa upasuaji namba 15 unatosha. Kata umbo la jani, shona uzi mmoja.