Mrejesho: oili ya giaboksi na difu kwenye DX yangu

Ndugu zangu, ni mimi niliyeuliza kama Corolla DX ya miaka ya 80, gia za mkono, inafaa kubadilishwa oili ya giaboksi na difu (sanduku la gia kwenye ekseli ya nyuma), maana gia ya pili ilikwaruza asubuhi na nyuma kulivuma nikipita kilomita 60 kwa saa. Kazi tumeifanya Jumamosi, Magongo, chini ya mwembe.

Aliyesisitiza nianze na boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, Mungu ambariki. Ya difu ilikuwa imeshikana kwa kutu (chumvi ya pwani hii!), ikatula nusu saa na kipande cha bomba juu ya spana. Ningetangulia kumwaga, nisingekuwa na pa kujazia, gari lingelala pale pale.

Oili ya difu ilitoka kama chai ya maziwa. Maji! Nikakumbuka dimbwi nililovuka wakati wa masika. Fundi akaeleza: difu ya moto ikizama majini, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta. Kipumulio (kitundu cha difu cha kupitishia hewa) kilikuwa kimeziba matope, basi maji yakapitia kwenye sili (mpira wa kuzuia oili isivuje).

Difu nimetia GL-5, giaboksi GL-4 (hayo ni madaraja ya oili ya gia). Muuzaji alidai zote ni sawa tu. Nikakataa, kwani GL-5 nyingine hula shaba ya sinkronaiza (pete zinazosaidia gia kuingia laini). Kote tulijaza hadi oili ikachuruzika tunduni, gari likiwa sawasawa.

Gia ya pili sasa yaingia laini. Mvumo umepungua, haujaisha, nashuku beringi. Difu nitaimwaga tena baada ya kilomita 500, kutoa mabaki ya maji.