Sola ya kupinda au ya kukunja: ipi ifae nyumba ya Ihumwa na safari za Chemba?

Mpimaji_Ihumwa

Wakuu, salamu. Ninaishi Ihumwa, hapa Dodoma, na kazi yangu ya upimaji wa ardhi hunipeleka Chemba na Kondoa, mara nyingine kwa gari la ofisi, mara nyingine kwa basi na kumalizia kwa bodaboda. Nikiwa huko nahitaji kuchaji kompyuta mpakato, simu mbili na betri za kifaa cha kupimia, na usiku niwashe taa moja. Nyumbani nataka akiba ya taa, televisheni na ruta pale umeme unapokatika. Dukani nimeonyeshwa paneli nyembamba ya kupinda, nikaambiwa kwamba naweza kuigundisha juu ya bati na kuibandua ninaposafiri. Nimeonyeshwa pia ya kukunja kama mkoba, iliyoandikwa wati 300 ingawa ikikunjuliwa haifiki hata nusu ya mlango. Je, paneli moja inaweza kunifanyia kazi zote mbili?

Fundi_Jua

Ndugu Mpimaji, mimi nisingenunua moja kwa kazi hizo mbili, na ile ya kupinda nisingeiweka kabisa juu ya bati la Dodoma. Wati zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli zake zikiwa na nyuzi joto 25, hali ambayo paa la bati la hapa halina habari nayo saa saba mchana. Paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi hapo, kwa hiyo ikigundishwa bila upenyo wa hewa chini yake na kufika nyuzi 65, asilimia 14 imekwishapotea kabla hatujahesabu vumbi. Paneli ya kawaida, ile ngumu ya kioo, hufungwa juu ya reli, hewa ikapita kati yake na bati, na watengenezaji wazuri huidhamini nguvu zake kwa miaka 25. Ya kupinda hupewa dhamana fupi zaidi, nayo ina sababu: plastiki ya juu hufanya malengelenge, huanza kuwa ya manjano, na seli hupata nyufa ndogo ambazo utaziona tu ukiiinamisha paneli mwangani na kuitazama kwa upande. Kuigundisha na kuibandua kila safari ni kuzikaribisha nyufa hizo. Aliyekushauri hivyo alitaka kuuza.

Kwa nyumba yako, chukua ya kioo, uielekeze kaskazini kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta kwa karibu nyuzi 6, na uiinamishe kidogo, nyuzi 10 au 15 hivi, ili mvua ya masika iioshe yenyewe. Kiangazi utaifuta wewe, tena asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Mama_Mizabibu

Nakubaliana na fundi kuhusu bati, ila ya kupinda nisingeitupa moja kwa moja. Paneli ya wati 100 ya aina hiyo ina uzito wa kilo mbili hivi, wakati ya kioo hufika sita au zaidi, na juu ya paa la gari lenye mviringo au turubai la kibanda ambalo halibebi uzito, sioni mbadala wake. Ukiinunua, uliza kama utando wa juu ni wa plastiki ya ETFE au ya PET. Huo wa pili huchakaa mapema juani.

Kwa safari za bodaboda, ya kukunja ndiyo yako. Mimi huitumia shambani Hombolo na ninaona uzuri wake mkubwa ni kwamba unaisogeza kulifuata jua, huku wewe na betri mkiwa kivulini. Angalia tu upepo wa Dodoma, maana vijiguu vyake ni vyepesi na ukiiacha bila kuifunga kwa kamba utaikuta kifudifudi kwenye changarawe. Angalia na kivuli: tawi moja la mgunga likiangukia kipande kimoja, umeme hushuka kuliko unavyotarajia kwa sehemu ndogo kama ile.

Hiyo wati 300, Mkuu, iache hapohapo dukani. Jua kali huleta kama wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi hugeuza asilimia 20 au zaidi kidogo kuwa umeme, kwa hiyo mita moja ya mraba hutoa wati 200 na ushei. Paneli isiyofika mita hiyo haiwezi kuwa na 300, hata lebo iseme nini. Nenda na futi.

Mpimaji_Ihumwa

Nashukuru sana, wakuu. Basi ya kukunja niichukue ya wati ngapi, na nitaithibitishaje dukani?

Fundi_Jua

Hesabu yako ni hii: kompyuta ikila wati 60 kwa saa nne ni 240, simu na betri za kifaa tuseme 50, taa 20, jumla wati-saa 310. Paneli ya kweli ya wati 100, ikikupa 70 kwa saa tano za jua zuri, inaleta 350. Inatosha, lakini kwa shida siku za mawingu, kwa hiyo kama mfuko unaruhusu chukua ya 120. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 30 inatosha kuhifadhia, mradi upitishe umeme kwenye kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri, inayokubali lithiamu, kwa sababu paneli hizi kwa kawaida hutoa volti 18 na usipokuwa na mzigo hupanda hadi 21 au 22.

Kupima, nenda saa sita mchana na multimita (kifaa cha kupimia umeme), muuzaji akubali kuitoa nje. Iunganishe moja kwa moja na paneli katika sehemu ya ampea 10, isiyo na kontrola wala betri katikati. Ya wati 100 yenye volti 18 inapaswa kukuonyesha zaidi ya ampea tano. Ikikuonyesha mbili, rudisha. Kiboksi cha kuchajia simu kilichoshonwa nyuma yake nacho kikague, kwani aghalabu hakistahimili maji hata kama kitambaa chenyewe kinastahimili.