Re: Kuuza santuri kabla ya kurejea nyumbani – Brothers in Arms iuzwe au ibaki?

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Namshukuru ndugu yetu wa Coventry aliyeuliza iwapo amuuzie mnunuzi mmoja santuri zake zote kwa jumla kabla ya kurejea Tanga, au azikague moja moja. Nami nimo katika kazi hiyohiyo kwa kuwa nahamia nyumba ndogo, na ushauri wangu ni kwamba azikague, akianza na ile ambayo takriban kila mmoja wetu anayo: Brothers in Arms, albamu ya bendi ya Uingereza Dire Straits, iliyotoka Mei 1985.

Ninayo santuri na ninayo CD ya wakati uleule, na soko linazithamini kinyume kabisa na sikio langu. Santuri isiyo na mikwaruzo, yenye jalada ambalo halijafumuka pembeni, hupata mteja haraka, ilhali CD, ambayo imejaa katika maduka ya hisani ya Uingereza, yanayouza vitu vilivyotumika, haifikishi hata bei ya kikombe cha chai. Lakini albamu hii ilirekodiwa kidijitali katika kisiwa cha Montserrat huko Karibi, kwenye studio ya George Martin, produza wa Beatles, ikawa ya kwanza kuuza zaidi ya nakala milioni moja za CD, na ili ienee kwenye santuri moja ilibidi nyimbo za upande wa kwanza zikatwe. "Why Worry", wenye dakika nane na nusu kwenye CD, umebakiwa na dakika tano na ushee. "Your Latest Trick" nao umepungua kutoka sita na nusu hadi chini ya tano. Mnunuzi wa santuri ya 1985, kwa hiyo, analipa zaidi ili asikie kidogo.

Nimeisikiliza yote upya kabla ya kuipiga picha za mauzo. "Walk of Life" sina hamu nao tena. "Money for Nothing", kinyume chake, umenipandia thamani: anayesema humo ni mbeba friji na televisheni wa dukani, anayewaonea kijicho wanamuziki wa MTV, kituo cha televisheni cha muziki cha Marekani, na sisi wa Tanzania Bara, ambako televisheni haikuanza hadi 1994, kejeli hiyo ilitupita kabisa. Niliielewa baada ya kuja huku na kubeba maboksi mimi mwenyewe. Hata hivyo, kilicho bora zaidi kiko upande wa pili, ambao zamani niliuruka: nyimbo za askari na mamluki, zikiishia na ule uliobeba jina la albamu, ambao Mark Knopfler, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, aliutunga kutokana na vita vya Uingereza na Argentina vya Falkland vya 1982. Gitaa lake hapo halina haraka yoyote, na uimbaji wenyewe ni kama mtu anayezungumza kwa sauti ya chini.

Kuhusu mauzo yenyewe, kagua santuri chini ya taa kali ukiiinamisha, kisha nakili herufi na namba zilizochongwa karibu na lebo, kwani wanunuzi wa Discogs, soko la santuri la mtandaoni, huzitumia kutambua toleo. Unapoituma, itoe ndani ya jalada, uiweke kando yake katika mfuko wake wa ndani. Ikibaki ndani, mtikisiko mmoja tu wa posta unatosha ukingo wake kupasua jalada.

Wenu,
Mkazi wa Leicester

---

Shikamoo kaka,

Nashukuru sana kwa maelezo. Nitauza santuri na kubeba CD, maana hata uzito wa mizigo utapungua. Ila CD yangu nyuma imeandikwa kwamba sauti yake imesafishwa upya mwaka 1996. Je, ni ileile?

Wa Coventry

---

Marahaba mdogo wangu,

Urefu wa nyimbo ni uleule, lakini ile ya 1996 imeongezwa ukubwa wa sauti, hivyo tofauti kati ya sehemu za sauti ndogo na za sauti kubwa imepungua, na katika wimbo wa mwisho utaisikia. Kwa kuwa bei yake ni ndogo mno, pita katika maduka ya hisani hapo mjini kwako utafute ya 1985 kabla hujafunga mizigo, na hiyo uliyo nayo uwaachie wao.