Ofisi inataka nitoke Dar nifike Tunduma bila kulala, naombeni ushauri

Dereva wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Mimi ni dereva wa semi, napeleka makontena Kongo kupitia Tunduma na Kasumbalesa.

Kinachonisumbua ni masaa. Siku ya kupakia nashinda Kurasini, kule bandarini, kwenye foleni tangu asubuhi, jua lote langu, nasubiri karatasi. Kwa ofisi hapo sijaanza kazi. Karatasi zikitoka saa moja usiku ndipo simu zinaanza: toka sasa hivi, kesho jioni tukuone Tunduma. Gari lina kifaa cha kufuatilia, nikipaki Chalinze ninywe chai tu napigiwa, "Dereva, mbona gari limesimama?" Posho ni ya safari, ukichelewa inakatwa.

Juzi katikati ya hifadhi ya Mikumi usiku nimeshtuka nimeshavuka matuta na sikumbuki nimeyavukaje. Macho yalikuwa wazi, mikono ipo kwenye usukani. Tandiboi, msaidizi wangu wa garini, kalala. Tangu siku hiyo sina amani.

Mkataba wangu ni karatasi moja, masaa hayajatajwa. Sheria inasemaje? Na nawaambiaje bila kupoteza kazi? Nina watoto shule.

Mzee wa Tanzam
Mdogo wangu, hiyo ya matuta usiichukulie poa. Ulikuwa umelala. Wengi tuliowazika walianza hivyo hivyo.

Ukitoka Dar usiku na ulishinda foleni, lala Mikese au Morogoro. Mikumi uipite kumekucha, maana mle mwendo ni 50, wanyama wanakatiza, na si mahali pa kupaki ukizidiwa. Kitonga nayo uipande mchana ukiwa na akili timamu. Kuanzia saa nane usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri usingizi hauna mbabe. Mirungi na vinywaji vya kopo vinauficha tu, na ukija kurudi unakuja kwa mkupuo, mara nyingi kwenye mteremko.

Binti Sheria
Kaka pole. Soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Masaa ya kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukijumlisha na ya ziada, siku moja isizidi 12. Ya ziada ni kwa makubaliano, hayazidi 50 ndani ya wiki nne, na yanalipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi saa tano mfululizo una haki ya mapumziko ya saa nzima. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena unapumzika saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24. Kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Mimi hoja yangu kubwa ingekuwa ile foleni ya Kurasini. Upo pale kwa amri ya mwajiri, huwezi kuondoka, hiyo ni kazi. Hesabu ianzie hapo, si unapotoka getini.

Tajiri wa Gari Mbili
Nami niseme kwa upande wetu. Kontena la meli lina siku zake za kurudishwa, zikipita unalipa, na mteja wa Lubumbashi anapiga kila saa. Presha hiyo tunaishusha kwa dereva, na si haki. Gari moja likipinduka Kitonga linameza faida ya mwaka mzima, achilia mbali roho ya mtu. Mpelekee bosi hoja hiyo kwanza, ataielewa haraka kuliko vifungu. Asipotaka gari lisimame, aweke madereva wawili.

Mama Abuu
Shemeji, mume wangu yupo njia hiyo hiyo. Simu ikilia usiku moyo unasimama. Lala tu, posho itapatikana.

Mbongo Poland
Huku naendesha saa nne na nusu, kisha dakika 45 za mapumziko, na siku ni masaa 9, mara mbili kwa wiki unaruhusiwa 10. Takografu, kifaa cha garini cha kupima masaa ya dereva, inarekodi kila kitu, ukizidisha faini inampata hadi mwenye gari. Mkuu, hicho kifaa chenu nacho kinarekodi. Ni ushahidi wako pia.

Dereva wa Mbagala
Nawashukuru sana. Keshokutwa napakia. Nitamtumia bosi ratiba kabla sijawasha gari: nimefika foleni saa ngapi, nitalala wapi, Tunduma lini. Nikijibiwa "acha kazi" je?

Binti Sheria
Tuma kwa WhatsApp, usipige simu, na majibu yahifadhi. Ukiachishwa, una siku 30 kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya malipo ya masaa ni siku 60. Usiende peke yako, tafuta chama cha madereva mapema, kabla shida haijafika.

Mzee wa Tanzam
Na tandiboi akilala, mwamshe. Kazi yake usiku ni kuongea na wewe.